Salio Langu Limekwenda Wapi?

Uliye Kihonda, Msamvu au Mwembesongo, hapa Morogoro, uliyefungua kibanda pale Soko Kuu la Chifu Kingalu, nawe uliye juu Mgeta, Kinole, Tawa na Matombo, unapalilia huku redio imening'inia kwenye tawi, karibuni tuzungumze. Leo nazungumzia pesa. Si pesa nyingi. Ni zile shilingi hamsini, mia, mia mbili, zinazoondoka kwenye simu bila kuaga.

Nani kati yetu hajaweka vocha ya shilingi elfu moja, akageuka kumjibu mtoto, na alipoishika simu tena akaambiwa salio halitoshi? Hukumpigia mtu. Hukutuma meseji. Unaguna, unasema "hawa watu wa mitandao bwana!", unaagiza vocha nyingine. Shauri limekufia hapo hapo, na aliyekukata hajui hata kama uliumia.

Hoja yangu naitoa mapema, ili hata anayeshuka daladala sasa hivi aondoke nayo. Shilingi mia iliyokatwa kimakosa kwenye simu yako haikukatwa kwako peke yako. Mtambo uliokukata wewe wa Kiroka umemkata pia wa Kilosa, wa Tunduru na wa Bukoba, kwa dakika ileile na kwa kosa lilelile. Kwa hiyo lalamiko la mtu mmoja likithibitika kuwa la kweli, warudishiwe wote waliokatwa, hata wale ambao hawakufungua mdomo. Hilo ndilo ninalolitetea leo, na nitaeleza kwa nini.

Tuanze na tatizo lenyewe. Mwenye mkataba wa kulipa baada ya matumizi huletewa ankara kila mwisho wa mwezi. Anaikagua mstari kwa mstari: simu hii niliipiga, hii sikuipiga, hii ada imetoka wapi? Ana karatasi ya kugombea. Sisi wengi tunalipa kwanza, tunatumia baadaye. Vocha haina ankara. Tunachopata ni meseji fupi, pengine kwa lugha ya mkato, na pengine hata hiyo haiji. Ugomvi wa pesa bila karatasi ni ugomvi mgumu. Wahenga walishasema: mali bila daftari huisha bila habari. Sasa simu zetu ni mali, na daftari lake liko kwa mtu mwingine.

Kabla ya kugomba, tujue tunagombana na nani. Makato ya simu yapo ya namna tatu, na kila moja ina mlango wake wa kugonga. Ukigonga mlango usiohusika utajibiwa "hapa sipo" mpaka uchoke.

Namna ya kwanza ni kodi na tozo za serikali. Haya ni makato halali kisheria, ila wengi hatuyaoni. Huduma za simu nchini zinatozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 17, na juu yake kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Piga hesabu nami. Ukinunua salio la shilingi 1,000, huduma yenyewe ni kama shilingi 724 tu. Shilingi 123 hivi ni ushuru wa bidhaa, na 153 hivi ni kodi ya ongezeko la thamani. Zaidi ya robo ya vocha yako imekwenda kabla hujasema "haloo". Kato hilo halirudishwi na wahudumu wa kampuni hata ukiwapigia kutwa nzima, kwa sababu pesa hiyo si yao. Mlango wake ni bungeni.

Na mlango huo tumewahi kuugonga ukafunguka. Mnakumbuka mwaka 2021. Sheria ya Fedha ya mwaka huo ilileta tozo kwenye miamala ya simu, na tarehe 15 Julai makato yakaanza: kuanzia shilingi 10 hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja, kutegemea kiasi, tena juu ya ada ya kampuni iliyokuwapo siku zote. Sisi wa huku tulilielewa haraka kuliko watu wa mabenki, maana pesa zetu zinapita kwenye simu. Dalali wa Dar es Salaam anauza kabichi na karoti za Mgeta, pesa ya mkulima inapanda mlimani kwa simu. Kijana wa Msamvu anamtumia bibi yake wa Matombo, na adabu yetu inamtaka aweke na ya kutolea. Tozo ikamkuta anayetuma, ikamkuta na anayetoa. Ile "ya kutolea" ikawa mzigo mwingine.

Watu walilalamika. Walilalamika sokoni, misikitini, makanisani, redioni na kwenye vikao vya ukoo. Haikupita wiki, Rais Samia Suluhu Hassan akaagiza mawaziri waliangalie upya suala hilo. Serikali ikaeleza kwamba fedha ni za barabara za vijijini, madarasa na vituo vya afya, na kwamba ndani ya mwezi mmoja hivi zilikusanywa zaidi ya shilingi bilioni 48. Pamoja na hayo, mwezi Septemba 2021 tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, kiwango cha juu kikawa shilingi 7,000. Julai 2022 kikashushwa hadi 4,000. Oktoba 2022 kikafika 2,000. Bajeti ya 2023/24 ikaiondoa tozo kwenye kutuma pesa kwa simu. Mtu anaweza kubishana kama tozo ilikuwa nzuri au mbaya, kwa sababu kituo cha afya kinajengwa kwa pesa na pesa lazima itoke mahali. Kisichobishaniwa ni kwamba malalamiko yaliyosemwa kwa sauti, kwa takwimu na kwa kurudia yalisogeza kiwango kutoka 10,000 hadi 2,000. Anayesema "kulalamika hakusaidii" aitazame safari hiyo ya miaka miwili.

Namna ya pili ni makato uliyoyakubali bila kujua kwamba umekubali. Hapa ndipo penye vichaka vingi. Kifurushi kimeisha, simu haikukujulisha, intaneti ikaendelea kula salio la kawaida kwa bei ya nje ya kifurushi, ambayo ni ghali. Wewe umelala, simu inajisasisha programu zake usiku kucha. Au ulibonyeza moja ukidhani unasikiliza wimbo, kumbe umejiunga na huduma ya kila siku: utabiri wa mpira, vidokezo vya mapenzi, mistari ya dini, wimbo wa kumburudisha anayekupigia. Kila alfajiri inachukua chake. Au ulikopa salio wiki iliyopita ulipokwama Mlali, ukasahau. Leo umeweka vocha, deni limelipwa kwanza pamoja na ada yake, nawe unapiga kelele kwamba umeibiwa.

Tuseme haki, msikilizaji. Kwenye deni la salio kampuni haijakosea. Ulikopa, umelipa. Vivyo hivyo mtoto akichezea simu akapakua michezo, hilo ni la nyumbani kwako. Mlalamikaji anayedai kila kitu haaminiwi kwenye kile cha haki. Kwa hiyo kwanza jikague.

Lakini kwenye kifurushi kilichoisha kimyakimya, na kwenye huduma uliyojiungia kwa mtego, neno "ulikubali" halitoshi. Ridhaa ni mtu kuelezwa bei, akaelewa, akasema ndiyo. Kubonyeza namba moja kwenye sauti inayozungumza haraka, huku umebeba tenga la ndizi kichwani, hiyo si ridhaa. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ililiona hilo, na kanuni zake za vifurushi za mwaka 2021 zikawataka watoa huduma wamjulishe mteja pale kifurushi kinapofika asilimia 75 ya matumizi na kinapofika 100, na wasimhamishie kwenye bei ya nje ya kifurushi kabla hajaridhia. Afrika Kusini walitangulia: kanuni zao zilizoanza mwaka 2019 zinataka taarifa kwenye asilimia 50, 80 na 100. Kwa hiyo hii si anasa ya kudai. Ni jambo linalowezekana, mitambo inaliweza, na kampuni zenyewe zinajua.

Na kanuni hizohizo zina kisa chake. Tarehe 2 Aprili 2021, Ijumaa Kuu, watu waliamka wakakuta vifurushi vipya. Pesa ileile ilikuwa inanunua kidogo kuliko jana yake. Kanuni zilizonuiwa kumlinda mtumiaji zilikuja na bei zilizomuumiza. Kelele zikapanda nchi nzima, na siku hiyohiyo TCRA ikasimamisha vifurushi vipya, ikaagiza vya zamani virudi. Siku moja tu! Haikuhitaji kesi wala maandamano. Ilihitaji watu wengi kusema jambo moja kwa wakati mmoja.

Kwa jirani zetu wa Kenya nako, mwaka 2019, wakili mmoja alifungua shauri kupinga vifurushi kufa muda wake ukiisha hali mteja ameshavilipia. Oktoba mwaka huo Safaricom ikaleta vifurushi visivyo na tarehe ya kuisha. Mtu mmoja aliuliza, mamilioni wakafaidika. Shikeni hapo, ndipo ninapotaka kufika.

Namna ya tatu ni kosa au wizi mtupu. Muamala umekatwa mara mbili. Pesa ya umeme imetoka, namba za LUKU hazikuja. Umenunua kifurushi, kimekatwa, hakikuingia. Au ni wale mabingwa wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na wale wanaojifanya wahudumu wa kampuni wakakuomba namba ya siri. Kwa hao matapeli kuna namba ya kuwaripoti, 15040: unaipelekea meseji ya tapeli pamoja na namba yake. Na uwe na mazoea ya kubonyeza *106# kuangalia ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, maana laini usiyoijua inaweza kukuletea balaa usilolijua.

Sasa twende kwenye kudai. Na hapa lazima niseme ukweli wa kijiografia. Kilele cha Bondwa kimebeba minara ya mawasiliano, kila aliye mjini Morogoro akiinua macho anaiona. Lakini nyuma ya kilele hicho kuna mabonde ambako mtu anatembea mpaka mgongo wa kilima ndipo simu ishike. Huyo ukimwambia "piga huduma kwa wateja, subiri kwenye foleni", muziki unapigwa, mtandao unakatika, anaanza upya. Ukimwambia "nenda dukani kwao mjini", nauli ya kwenda na kurudi kutoka Nyandira au Tawa ni kubwa mara nyingi kuliko alichokatwa. Amekatwa shilingi 200. Nani mwenye akili atapanda gari kufuata shilingi 200? Hakuna. Na kwa kuwa hakuna, makato madogo yana usalama zaidi kuliko makubwa. Mkate mtu laki moja, atakuja juu. Wakate watu milioni moja shilingi mia mia, umepata milioni mia moja na hakuna aliyepanda gari.

Sisemi kwamba kampuni zinapanga hivyo. Nasema kwamba hesabu iko hivyo, iwe kwa kusudi au kwa uzembe. Mtambo ukikosea kwa faida ya mwenye mtambo, na kurekebisha kukategemea mlalamikaji mmoja mmoja, kosa hilo litaishi muda mrefu.

Basi tufanyeje? Kwanza, tuwe na daftari. Meseji za makato usizifute. Mwenye simu ya kupangusa apige picha ya kioo. Mwenye kitochi aandike: tarehe, saa, kiasi kilichokatwa, salio kabla na salio baada. Salio unaliangalia kwa *102#. Daftari la mkopo wa VICOBA unalo, la mbegu na mbolea unalo. Weka ukurasa mmoja wa simu.

Pili, lalamika kwa aliyekukata kabla ya kwenda kokote. Piga 100, namba ya huduma kwa wateja. Usipige kwa hasira, maana yule binti au kijana anayepokea hakukukata yeye. Sema mambo manne: namba yako, siku na saa, kiasi, na unachotaka. Wengi tunasahau hilo la nne. Tunaeleza machungu, tunakata simu. Sema: nataka nirudishiwe pesa yangu, na huduma hii iondolewe. Kisha omba namba ya lalamiko, uiandike. Lalamiko lisilo na namba ni maongezi tu.

Tatu, kampuni ikikaa kimya, au jibu lisipokuridhisha, usiishie hapo. TCRA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003, ina wajibu wa kupokea malalamiko ya watumiaji dhidi ya watoa huduma. Sheria hiyohiyo iliunda Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo kazi yake ni kusimama upande wetu. Uamuzi wa TCRA nao una rufaa, kwenye Baraza la Ushindani. Ngazi zipo. Na kama umechoka kabisa na kampuni yako, tangu Machi 2017 unaweza kuhama mtandao ukabaki na namba yako: unatuma neno PORT kwenda 15080. Mteja anayeondoka ni lalamiko lisilohitaji kuandikwa.

Nne, na hili ndilo la watu wa milimani hasa: tudai kwa pamoja. Nauli ya mtu mmoja ni kubwa kuliko shilingi 200, lakini si kubwa kuliko shilingi 200 za watu mia tatu. Kikundi cha kuweka na kukopa kinakutana kila wiki. Chama cha ushirika kina katibu anayejua kuandika barua. Mkutano wa kijiji una mtendaji na muhtasari. Kwa nini ajenda ya makato ya simu isiingie humo? Kaeni siku moja mfungue simu zenu pamoja. Mtashangaa ni wangapi wamekatwa kitu kilekile siku ileile. Andikeni barua moja, majina mengi, namba na tarehe, mpeni mmoja anayeshuka Morogoro na gari la mboga aipeleke. Barua ya watu mia tatu haisomwi kama simu ya mtu mmoja aliyekasirika. Waluguru tunajua kazi ya kusaidiana shambani, na kudai nako ni kazi.

Sasa niwageukie wakubwa, kwa heshima. Makampuni, mmefanya mengi. Simu imemwondolea mkulima wa Kinole safari ya kwenda mjini kuulizia bei ya ndizi na nanasi, na imemlinda na wanyang'anyi wa njiani kwa kuwa habebi pesa mkononi. Hatutaki kurudi nyuma. Lakini mtambo unaoweza kunikata kwa sekunde unaweza kunieleza kwa sekunde. Kila kato lije na meseji ya Kiswahili inayosema nimekatwa nini, kwa huduma gani, na nijitoe vipi. Huduma ya kila siku isianze mpaka nimeandika mwenyewe neno la kukubali, tena baada ya kuona bei.

Nanyi wa TCRA, tunashukuru kwa kanuni, maana bila hizo tungekuwa kwenye giza. Tunaomba hatua moja zaidi. Lalamiko la bibi mmoja wa Tegetero likithibitika, msikubali kampuni imrudishie bibi huyo shilingi zake 200 kisha faili lifungwe. Iulizeni kampuni: kosa hili limewagusa wateja wangapi, tangu lini, na mmekusanya kiasi gani? Wanajua. Takwimu zote ziko kwenye mitambo yao, kila simu na kila senti. Basi irudishwe kwa wote, moja kwa moja, kwenye salio, bila mtu kujaza fomu. Siku kampuni itakapojua kwamba kosa la shilingi mia litairudishia hasara ya milioni mia moja, makosa hayo yatapungua yenyewe, na wahudumu wa namba 100 watapata usingizi.

Mpaka siku hiyo ifike, msikilizaji, usidharau shilingi mia yako. Leo jioni angalia salio kabla ya kulala, liandike. Kesho asubuhi liangalie tena. Kama limepungua na hukupiga simu, piga 100, dai namba ya lalamiko, na Jumapili ulipeleke jambo hilo kwenye kikundi chako. Ukinyamaza wewe, umenyamaza na kwa ajili ya jirani yako ambaye hajui kusoma meseji.